Fimbo Niliyomchagulia Shemeji

Jumatano, 2 Februari 2005

Nimerudi skuli, nimekula, nimeosha rili za fimbo zangu za kuvulia. Ile kubwa inakwaruza tena ikizungushwa. Chumvi imeingia ndani. Nimeifungua juu ya gazeti, nikaipaka mafuta, nikaifunga. Bado inakwaruza, ila kidogo.

Harith kapiga simu kutoka Ibra. Anataka kuvua! Miaka yote ananicheka: mwalimu wa hesabu anakwenda kusimama juu ya jabali kupigana na samaki, na sokoni yupo keshakufa, anamngoja. Leo anataka nimchagulie kila kitu. Fimbo, rili, mshipi, chambo. Anakuja kesho.

Nimefurahi kama mtoto. Harith alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mume wa mdogo wangu Zuwena. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kwetu. Tangu waoane na kuhamia Ibra, na mimi kubaki hapa Sur na mama, tunaonana idi na misibani tu.

Alhamisi, 3 Februari

Dukani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mhindi wa duka karibu atutoe.

Harith alitaka fimbo ndefu kuliko zote, ile nyekundu. Nikamwambia hapana. Atavua juu ya majabali, si kwenye mashua, kwa hiyo urefu anauhitaji, lakini ile ncha yake ni laini mno, haitupi chambo kizito. Nikampa ya futi tisa, nyeusi, ngumu kwa nyuma. Nikamwambia aikamate kama anakamata mkono wa mtu anayemheshimu. Akacheka.

Rili tulibishana. Yeye anatazama inayong'aa, mie nasikiliza breki. Unavuta mshipi kwa mkono, unasikiliza. Ukitoka kwa kushtuka-shtuka, rili hiyo iache. Kolekole mkubwa akikimbia na breki ikashtuka, kila kitu kinakatika.

Mshipi nimemchagulia uzi wa kusuka. Hauvutiki kama nailoni, hata kaa akiugusa unajua. Lakini ukisugua jabali unakatika kama uzi wa cherehani, ndiyo maana mbele yake nimefunga kipande cha nailoni nene. Hili nimemweleza mara nyingi. Alikuwa anaitikia huku anatazama simu yake.

Chambo: kimoja cha mbao kinachoelea, mdomo umechimbwa kama kikombe cha kahwa, ukikivuta kinatema maji na kolekole anadhani dagaa wanakimbia. Kimoja cha bluu cha kuogelea chini kidogo, kwa nguru. Na vipande viwili vya chuma vya kuzamisha, kwa chewa wa mapangoni. Nikasema basi, vinatosha. Anayeanza akiwa na chambo vingi hubadilisha badilisha tu, havui.

Jioni nimemjazia rili yake mwenyewe, mshipi umebana vizuri, ncha yake nimeibandika kwa kipande cha plasta ya hospitali usifumke njiani. Kazi nzuri. Nimeitazama muda.

Ijumaa, 4 Februari

Alfajiri majabalini, mimi na Harith. Kavulia fimbo yangu ya zamani, mpya hataki kuikwaruza kabla hajajua kutupa. Sawa, nilimwelewa. Anatupa kama anafukuza kunguru. Hakupata kitu. Mimi chewa mdogo, nimemrudisha.

Tulikunywa chai garini. Akaniuliza, Ashkhara, kule pwani ya kusini, kuna samaki? Nikamwambia huko ndiko. Akasema kuna watu wa kazini kwake wanakwenda kila Alhamisi, atafuatana nao. Nilitaka kusema niende pia. Sikualikwa.

Hata hivyo siku njema. Zamani imerudi kidogo.

Jumamosi, 19 Februari

Zuwena kapiga simu, anacheka, analalamika. "Kaka, umenichukulia mume. Kila wiki ananambia: naenda na Nassor, naenda na Nassor. Jana karudi mwekundu kwa jua. Mnakula lakini huko?"

Jana sikuwa na Harith. Jana nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari.

Nikasema, tunakula.

Sijui kwa nini. Ulimi ulitangulia.

Jumapili, 20 Februari

Nimempigia Harith kazini. Hakubabaika. Anasema Zuwena anaogopa bahari tangu utotoni, na hao wenziwe wa Ashkhara hajawahi kuwaona, kwa hiyo ili alale usingizi anamwambia yuko na mimi. "Ni neno tu, shemeji. Usimtie wasiwasi."

Kweli Zuwena anaogopa bahari. Anko wetu alizama. Nimekubali. Sikupenda, lakini nimekubali.

Ijumaa, 4 Machi

Harith kapita kutuletea nguru. Mkubwa, urefu wa mkono mzima. Mama kafurahi, kamwombea dua, kasema leo tutapika wa nazi kama nyumbani. Mama yuko Sur tangu mwanzo wa miaka ya sabini, na "nyumbani" bado ni Unguja.

Nguru nimemsafisha mie. Mdomoni hana jeraha la ndoana. Mashavuni na mbavuni ana alama za wavu, mistari ya mraba, wazi kabisa.

Kanunua mnadani. Nimecheka peke yangu jikoni. Wavuvi wangapi wamefanya hivi! Kaona haya kurudi mikono mitupu. Sitamuumbua. Nitamfundisha zaidi.

Jumatano, 16 Machi

Mama homa tangu Jumatatu. Si kubwa, lakini umri. Zuwena kaja na watoto, Harith kawaleta. Gari limejaa mabegi na mito, utadhani wanahama. Nyumba imechangamka. Mama kaona wajukuu, kakaa kitako, kadai uji.

Harith kasema mbele ya Zuwena kwamba kwa kuwa mimi nabaki na mama, safari hii kesho alfajiri atakwenda Ashkhara na watu wa kazini, atarudi Ijumaa kuwachukua. Zuwena kasema, nenda tu, mimi niko kwa mama yangu.

Nilimuuliza kama breki ya rili inakwenda sawa. Kasema inakwenda sawa sawa.

Alhamisi, 17 Machi

Naandika hili usiku, nyumba nzima imelala.

Asubuhi, Harith keshaondoka, nimefungua mlango wa nyuma kutoa taka. Mfuko wa fimbo umeegemea ukutani, na begi la chambo chini yake. Jana tulivitoa kwenye gari kupisha mabegi yateremshwe. Kavisahau.

Simu yake haipatikani. Zuwena kasikitika. "Maskini, atakaa huko bure. Kaka, mpelekee. Mama hajambo leo, mimi nipo." Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Hilo silisahau. Kanitilia chai kwenye chupa na kanifungia vitumbua.

Kabla ya kuondoka nikafungua mfuko kuhakikisha hakuna kilichopungua. Plasta ilikuwa pale pale. Ile niliyobandika mimi, na alama ya kucha yangu juu yake. Mshipi haujawahi kutoka kwenye rili. Chambo cha mbao hakina mkwaruzo hata mmoja, na ndoana zake zinang'aa kama za kwenye karatasi ya duka. Nimeramba mpini. Hauna chumvi.

Nilikaa chini, hapo hapo uani. Wiki zote hizo za jua na samaki.

Zuwena akauliza kutoka ndani, bado hujaondoka? Nikasema naondoka.

Njia ni ndefu. Nilijipa sababu zote. Labda anaazima fimbo ya mwenzake. Labda anakaa kwenye mashua anatazama tu. Nikipita Jaalan nilikuwa nazungumza mwenyewe.

Ashkhara, pale wanaposhushia samaki, nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa anapanga papa wa kukauka. Kwa Kiarabu nikamwambia namtafuta Harith, mtu wa Ibra, wa asili ya Unguja, anakuja kuvua huku kila wiki.

Akatazama fimbo mkononi mwangu, akacheka kwa wema kabisa. "Harith, nasibu yetu? Huyo havui. Ananunua tu." Nasibu, yaani mkwe. Akanionyesha nyumba yenye mlango wa kijani. "Gonga. Mkewe atakupa kahwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Gari ya Harith iko ubavuni mwa nyumba, kivulini, imefunikwa turubai kama gari ya mtu anayekaa.

Nikagonga. Katoka yeye. Fulana na shuka ya wizari kiunoni, nywele mbichi. Kwanza kanitazama usoni. Kisha kaiona fimbo.

"Nassor. Kuna nini? Mama?"

"Mama hajambo. Umesahau fimbo yako."

Ndani sauti ya mwanamke, kijana, ikauliza nani huyo. Harith akajibu kwa Kiarabu: rafiki. Hakusema shemeji.

Akatoka, akauvuta mlango. "Nimeoa, Nassor. Kwa sharia, na mashahidi. Tangu kabla ya Ramadhani. Sikufanya haramu."

"Sikukuuliza haramu wala halali. Kwa nini jina langu?"

Akainama. "Kwa sababu wewe Zuwena anakuamini."

Kasema kama jambo jepesi. Kama mtu anayeeleza kwa nini kachagua njia hii na si ile. Kisingizio cha safari za kikazi hakikumtosha tena, Zuwena alianza kuuliza. Akatafuta kitu ambacho hataulizwa. Akaniona mimi na mishipi yangu.

Na mimi asubuhi nzima dukani namsikilizia breki.

Nilitaka kumpiga. Sijapiga mtu tangu skuli. Akaniomba nisimwambie Zuwena, atamwambia yeye mwenyewe kesho akija kumchukua. "Jambo hili litoke mdomoni mwangu. Nipe hilo tu." Nikafikiri, kweli, litoke mdomoni mwake. Mke asisikie khabari hii kwa mtu mwengine. Nikampa mpaka kesho.

Fimbo nimeiegemeza ukutani kwake, na begi chini. Nikaondoka. Chai na vitumbua sijavigusa.

Nimefika nyumbani wakati wa Magharibi. Zuwena kaja mpaka garini. "Umempata?"

Nimempata.

"Kafurahi?"

Nikasema nataka kuoga.

Ijumaa, 18 Machi

Harith kaja baada ya sala. Kavaa dishidasha safi, kamletea mama matunda, kambusu mkono. Hakunitazama. Wamepakia mabegi, watoto, mito. Zuwena kanikumbatia, kasema asante kwa jana, umeendesha sana.

Wameondoka. Mama kasema, mbona umesimama uwanjani, jua lote hilo?

Jumamosi, 19 Machi

Zuwena kapiga simu adhuhuri. Hakuniita kaka.

Harith kamwambia njiani, baada ya kupita mji wa Kamil, watoto wamelala nyuma. Kamwambia yote. Kisha kamwambia kwamba mimi najua tangu mwanzo. Kwamba fimbo tulinunua pamoja ili pawe na kisingizio. Kwamba Alhamisi nilikwenda kuwatembelea.

Nilisema si kweli. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Siku ile nilipokuuliza mnakula huko, ulinijibu nini?"

Nikasema, nilijibu tunakula.

"Na juzi nilikuuliza kafurahi, ukasema unataka kuoga."

Akakata simu.

Nimekaa hapa na hii kalamu. Kaoa mke wa pili, watu wanaoa. Lakini kuninunulisha uongo wake kwa mikono yangu mwenyewe, kisha alipobanwa kunisukuma mbele yake nipigwe mimi! Miaka ishirini na zaidi ya urafiki. Kaitumia yote siku moja, njia ya Kamil.

Jumatatu, 21 Machi

Nimempigia Harith. Kasema samahani, alipaniki, hakujua la kusema, Zuwena alikuwa analia, na yeye anaendesha. Nikamwambia amwambie kweli. Kasema atamwambia mambo yakipoa. Yakipoa!

Nimekata. Nimefuta nambari yake. Naijua kwa moyo, haina maana.

Jumatano, 23 Machi

Mama keshajua. Zuwena kamweleza. Mama hakunigombeza. Kaniuliza mara moja tu: "Ulijua, Nassor?" Nikasema sikujua, mama, mpaka Alhamisi. Kasema, Alhamisi ilikuwa na usiku wake mzima, na mdogo wako alilala chumba cha pili.

Hilo limeniuma kuliko yote. Kwa sababu ni kweli.

Skuli nimekosea hesabu ubaoni. Wanafunzi wamenisahihisha.

Alhamisi, 24 Machi

Ibra. Nimekwenda bila ya kupiga simu. Harith hayupo, bila shaka. Ni Alhamisi.

Zuwena kafungua mlango nusu. Kakonda, katika wiki moja tu. Hakunikaribisha. Nikazungumza pale pale barazani, jirani anafagia na anasikia, na sikujali.

Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio. Dukani. Majabalini. Simu yake, na uongo wangu wa neno moja, na simu yangu kwa Harith siku ya pili. Samaki mwenye alama za wavu. Plasta. Nilimwambia hata nilivyoramba mpini, ijapokuwa najua ni kichekesho. Mzee wa papa. Mlango wa kijani. Kwamba niliombwa siku moja na nikaitoa.

"Haikuwa yako kuitoa," kasema Zuwena.

"Najua."

"Ilikuwa yangu. Siku ile ilikuwa yangu, Nassor. Nimelala usiku ule kwa mama nimefurahi kama mjinga, na wewe uko upande wa pili wa ukuta unajua."

Nikasema nisamehe. Akasema hawezi leo. Nikamuuliza, lakini unaamini kwamba sikushirikiana naye? Mwanawe mdogo kaja kashika nguo yake.

"Sijui nimuamini nani," kasema. "Nyote wawili mlikuwa mnazungumza samaki."

Akafunga mlango. Hakuupigiza. Kaufunga taratibu, ikawa vibaya zaidi.

Ijumaa, 8 Aprili

Sijavua. Fimbo zimeegemea ukutani. Sitaki hata kuzitazama. Kanichukulia na hili.

Ijumaa, 22 Aprili

Harith kaja. Nilikuwa nafungua geti nikamwona kasimama. Anataka nimsemee kwa Zuwena. Zuwena anadai talaka, na hazungumzi naye ila kupitia watoto.

Nikamwambia sharti moja. Apige simu sasa hivi, mbele yangu, amwambie kwamba sikujua. Kasitasita. Kasema akisema hivyo ataonekana kadanganya mara mbili.

Nikamwambia, umedanganya mara mbili.

Kasimama. Niliona anafanya hesabu, nimefundisha hesabu muda mrefu, naijua ile sura. Kisha kasema, "Siwezi, Nassor. Nitapoteza kila kitu." Akaingia garini.

Ningependa kuandika kwamba nilimtukana. Nilifunga geti tu. Nililia jikoni, maji yanamwagika bombani ili mama asisikie. Huyu alikuwa rafiki yangu.

Jumanne, 10 Mei

Zuwena kapiga simu kwa mama, mama hayupo, nikapokea mimi. Kaniuliza khabari ya mama, nikampa. Kaniuliza skuli za Sur, ipi nzuri kwa mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia. Kasema ahsante. Ni mazungumzo marefu kuliko yote tangu Machi.

Alhamisi, 2 Juni

Wamehamia. Zuwena na watoto, chumba cha nyuma. Talaka imepita kwa kadhi, Harith hakupinga. Nasikia yule wa Ashkhara ana mimba. Zuwena ndiye aliyeniambia, akiwa anapanga sahani, kwa sauti ya kawaida. Kasema yule msichana naye hakuambiwa kwamba kuna mke anayependwa Ibra. Kaambiwa mke ni mgonjwa, hawezi kitu. "Kila mtu kapewa uongo wa kipimo chake," kasema, akaendelea na sahani.

Anazungumza na mimi. Mambo ya nyumba tu: gesi, maji, dawa za mama. Zaidi ya hapo kuna mlango.

Ijumaa, 10 Juni

Joto limeanza kabla ya jua. Niliamka, nikashika ile fimbo ya zamani bila kufikiri sana. Zuwena alikuwa jikoni, keshavaa buibui. Kasema anakuja. Anaogopa bahari, na kasema anakuja.

Hakushuka garini mwanzo. Nilitupa kwa muda. Bahari imeanza kuchafuka, mawimbi ya kusi yanapanda juu ya jabali. Hakuna samaki. Nilibadilisha chambo, nikaweka chuma, kikanasa chini, nikakikata. Kisha nikasikia mlango wa gari.

Kaja akakaa mbali na maji, juu ya jiwe kavu, miguu kaikunja. Kanitazama nikifunga chambo kingine. Hakuuliza kitu juu ya mshipi wala fimbo. Nikamaliza, sikutupa.

"Nikuulize kitu," kasema. "Ungejua kweli. Tangu mwanzo, kama alivyosema. Ungeniambia?"

Nilitaka kusema naam, papo hapo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikalizuia.

"Ningechelewa," nikasema. "Ningejiambia atasema mwenyewe. Ningengoja. Mwisho ningekwambia. Lakini ningechelewa."

Kaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Kachukua kokoto, kaitupa majini, haikufika.

"Hilo nimeliamini," kasema.

Tukakaa. Jua likapanda juu ya mji, vioo vya misikiti vikaanza kung'aa. Akasema watoto wataamka na njaa. Nikakunja mshipi, nikambebea viatu vyake, tukapanda mpaka garini.